Maoni yasiyojibiwa si ushirikishwaji

Desemba 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba Jukwaa la Utawala wa Intaneti, lililokuwa likiishi kwa kuongezewa muda tangu lilipokutana mara ya kwanza Athens mwaka 2006, sasa liwe la kudumu. Wanadiplomasia wamepongezana. Sisi hatuoni cha kushangilia. Katika jukwaa hilo waziri, mwenye kampuni na mwanafunzi wote wana haki ya kusimama na kusema wanavyotaka intaneti iendeshwe, na hilo ni jema. Lakini makubaliano ya Tunis ya mwaka 2005 yaliyoliunda hayakulipa nguvu ya kuamua lolote. Miaka 20 baadaye, maamuzi bado yanafanyika kwingine: katika bodi za kampuni za California, katika wizara, na katika ofisi za wadhibiti ambazo mlinzi wake hamruhusu mtu kupita getini bila barua ya mwaliko.

Aliyetaka kujionea ushirikishwaji mtupu angekwenda Addis Ababa mwishoni mwa Novemba 2022, jukwaa hilo lilipokutana huko. Ukumbini wajumbe walijadili namna ya kuifikisha intaneti kwa kila binadamu. Kaskazini mwa nchi hiyohiyo, watu wa Tigray walikuwa wamekatiwa intaneti tangu vita vilipoanza Novemba 2020. Mwenyeji, Waziri Mkuu Abiy Ahmed, aliutumia mkutano huo kueleza jinsi intaneti ilivyosaidia kueneza uongo wakati wa vita. Ratiba ikaendelea, wajumbe wakarudi makwao. Mkazi wa Mekelle angetoa maoni yake kwa njia ipi? Mtu haombwi ushauri kuhusu nyumba aliyofungiwa nje.

Wapo watakaosema mambo ya intaneti ni ya kitaalamu mno, mwananchi wa kawaida hawezi kuyachangia. Hoja hiyo ilizikwa India. Desemba 2015 mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, TRAI, aliwauliza wananchi maswali manne, na kiini chake kilikuwa hiki: je, kampuni ya simu iruhusiwe kumtoza mteja bei tofauti kulingana na tovuti anayofungua? Nyuma ya maswali hayo kulikuwa na Free Basics ya Facebook, huduma iliyotoa bure tovuti chache zilizokubaliwa na Facebook yenyewe. Kampuni hiyo ikawarahisishia kazi watumiaji wake: bonyeza hapa, barua iliyokwisha kuandikwa inakwenda kwa mdhibiti ikiwa na jina lako. Barua zikamiminika. Mdhibiti hakubabaika na wingi wake. Aliiandikia Facebook kwamba barua hizo zinaisifu Free Basics lakini hazijibu maswali yaliyoulizwa, na kwamba mashauriano yanageuzwa kuwa kura ya kupangwa.

Upande wa pili walikuwapo wanasheria, wahandisi na hata wachekeshaji, ambao tangu mapema mwaka 2015 walikuwa wakiichambua lugha nzito ya nyaraka za mdhibiti kwa video na maelezo mepesi, mpaka watu zaidi ya milioni moja wakaandika barua pepe. Februari 8, 2016 TRAI ikapiga marufuku bei za kubagua tovuti na ikachapisha sababu zake. Facebook ikafunga virago vya Free Basics nchini humo. Kilichoshinda hapo kilikuwa hoja. Swali liliulizwa wazi, lilikuwa na tarehe ya mwisho, na aliyeamua alilazimika kuandika kwa nini ameamua hivyo.

Na sisi je? Huduma hiyohiyo, ikiitwa bado Internet.org, iliingia Tanzania Oktoba 2014 kupitia Tigo na Kenya Novemba 2014 kupitia Airtel. Hatukuwa na mjadala wa kitaifa unaokaribia ule wa India. Tuliambiwa ni bure, tukapokea. Huenda wengi wangeikubali hata baada ya kuulizwa, maana bando ni ghali na bure haina mpinzani. Lakini kukubali baada ya kuulizwa ni jambo moja, na kupokea usichoulizwa ni jambo lingine kabisa.

Tusiwasifu wakubwa kupita kiasi. Marekani, inayojivunia mashauriano ya wazi, iliyageuza kichekesho mwaka 2017. Tume ya mawasiliano, FCC, ilitaka kufuta kanuni zilizokataza kampuni za mtandao kupendelea tovuti moja na kuichelewesha nyingine. Yakafika maoni zaidi ya milioni 22. Mei 2021 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York alitoa matokeo ya uchunguzi wake: takriban milioni 18 yalikuwa ya kughushi. Kampeni zilizogharimiwa na kampuni za mtandao zilituma zaidi ya milioni 8.5, zikitumia majina ya watu wasiojua lolote. Mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye umri wa miaka 19, aliyepinga kufutwa kwa kanuni, aliketi na programu yake akatuma zaidi ya milioni 7.7 peke yake. Kura ya kuzifuta ilipigwa Desemba 2017, uchafu huo wote ukiwa mezani. Anayehesabu maoni badala ya kuyasoma atahesabu chochote atakacholetewa, na sasa kwa kuwa mashine zinaandika barua elfu kwa dakika chache, kila barua ikiwa na maneno tofauti, ujanja wa mwanafunzi yule utaonekana mchezo wa watoto.

Hata hivyo, Brazil ilionyesha kwamba hata sheria nzima inaweza kuandikwa hadharani. Rasimu ya Marco Civil, sheria yake kuu ya haki za watumiaji wa intaneti, ilianza kujadiliwa na umma mwaka 2009, wananchi wakichangia kifungu kwa kifungu, na Rais Dilma Rousseff akaitia saini Aprili 2014.

Lawama haziwaendei watawala peke yao. Mwaka 2000 ICANN, taasisi inayosimamia majina ya tovuti duniani, ilithubutu kuwapigisha kura watumiaji wa kawaida wachague baadhi ya wakurugenzi wake. Afrika ilimpata Nii Quaynor wa Ghana, na bara zima halikufikisha kura 200. Kweli, wakati ule waliokuwa na intaneti Afrika walikuwa wachache. Uchaguzi huo ukafutwa katika mageuzi ya mwaka 2002 na haujarudi. Leo idadi yetu ni nyingine kabisa, na kisingizio cha uchache kimekwisha.

Tena uwezo upo, tumeuona kwa macho. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulipendekeza kupandisha ushuru wa simu na intaneti kutoka asilimia 15 hadi 20. Vijana waliuchambua mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, wakawapigia wabunge wao simu mpaka simu zikazimwa. Jibu la dola lilikuwaje? Juni 25, 2024, siku moja tu baada ya mamlaka ya mawasiliano kusema haina nia ya kuzima intaneti, intaneti iliyumba nchi nzima. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, mtandao ulizimwa na kubaki gizani kwa siku kadhaa. Ni nchi hiyohiyo ambayo kanuni zake za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kublogu alipe shilingi milioni 2.1 za maombi na leseni kabla ya kuandika neno. Serikali inayozima mtandao haina uso wa kwenda New York au Geneva kuzungumzia intaneti ya watu wote.

Tunasema bila kumung'unya maneno: utaratibu uliopo wa kukusanya maoni katika nchi zetu haufai. Rasimu nene ya Kiingereza inatoka Ijumaa, warsha inafanyika hotelini wiki inayofuata, wadau ni walewale wa mwaka jana, na kanuni zinapotangazwa hakuna anayejua hoja ipi ilikubaliwa na ipi ilitupwa. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Umoja wa Afrika umekikubali kuwa lugha yake ya kazi tangu 2022. Basi hakuna sababu hata moja ya rasimu ya kanuni za mtandao kumfikia mvuvi wa Kilwa au mama mwenye kibanda cha M-Pesa Kisumu ikiwa katika lugha ya mawakili. Mdhibiti aitoe kwa Kiswahili, aache muda wa watu kuisoma, kisha achapishe majibu yake kwa kila hoja aliyoikataa. Wajumbe wanaotuwakilisha katika vikao vya dunia waweke hadharani kabla ya kupanda ndege msimamo wanaokwenda kuutetea. Hilo la mwisho halihitaji hata bajeti.

Kwako msomaji, rasimu inayofuata ikitangazwa, iombe kwa Kiswahili na upeleke maoni yako kwa maandishi. Ukipuuzwa, andika kwamba umepuuzwa, weka tarehe, tunza nakala. Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi katika ibara ya 10, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nakala yako ni ushahidi.