Mjusi wa Mombasa katika Baridi ya Kitale

Barua ya wiki hii imetoka Kitale, kwa dada aliyehamia huko kutoka Mombasa pamoja na mumewe na watoto. Mwanawe wa miaka tisa alisafiri na mjusi wake ndani ya kisanduku cha viatu, na sasa ni siku ya kumi mjusi hagusi chakula. Mama amemjaribia kiini cha yai, nyama ya kusaga, hata wali. Baba watoto asema mjusi ni wa kuuawa, tena kuna thawabu. Mtoto naye halali vyema. Dada auliza afanye nini, na je, wamepata dhambi?

Nianze na neno la baba, maana ndilo la haraka. Hadithi anayoikusudia imo katika Sahihi Muslim, nayo yamhusu al-wazagh, ambaye kwetu ni mjusi kafiri, yule mweupe-mweupe atambaaye darini na kuvizia mbu penye taa. Huyu wa mtoto, kwa maelezo ya barua, ana mistari mgongoni, magamba laini yenye kung'aa, na hupenda kuota jua. Wazee wetu wakimwita mjusi islamu. Lugha yetu iliwagawia dini hata mijusi! Hukumu ya yule haihamishwi kwa huyu kwa sababu ya kushirikiana jina. Baba na aweke kiatu chini.

Sasa tuje kwenye tumbo lake. Mjusi hana joto la kwake. Sisi baridi ikitupiga, mwili huwasha moto wake kwa chakula tulichokula. Yeye huazima joto kwa jua na kwa jiwe lililopashwa na jua. Mijusi wa jamii hii huhitaji mwili ufikie digrii 30 au zaidi kidogo ndipo wawinde na tumbo lisage. Mombasa joto hilo hulipata bure, hata wakati wa kusi. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na usiku wa Julai hushuka hadi karibu digrii 12. Mjusi huyu hakususa, dada yangu, wala hakuona uchungu wa kuhama. Amepoa. Kwa hiyo usimfungue kinywa kumlisha kwa nguvu, kwani chakula kisichosagwa huozea tumboni, na hapo ndipo maradhi ya kweli huanza.

Joto kwanza, chakula baadaye. Mtafutieni chombo kipana chenye matundu ya hewa, muweke mchanga na jiwe bapa. Saa nne za asubuhi jua likikolea, chombo kitolewe nje, nusu juani na nusu kivulini, ili achague mwenyewe. Kisiwe cha kioo wala plastiki iliyofunikwa, kwa maana ndani ya chombo hicho jua la nusu saa laweza kumwua. Kumweka nyuma ya dirisha hakutoshi. Kioo huzuia sehemu ya mwanga anayoihitaji kwa mifupa yake. Siku za mawingu, balbu ya zamani yenye kutoa joto, ya wati 40, ining'inizwe juu ya pembe moja asikoweza kuigusa, nayo izimwe usiku.

Umeandika pia kwamba mmekuwa mkiingiza jiko la makaa chumbani mwa mtoto ili mjusi apate joto. Hili nakusihi uliache leo, kabla ya kumaliza kusoma. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa haina harufu wala rangi, na imeua watu waliolala. Mtoto wako yumo chumbani humo humo.

Maji mpe ndani ya kifuniko kifupi, na unyunyize matone juu ya jiwe, kwani wengi wao huramba matone. Baada ya siku mbili tatu za joto, mpeni chakula chake cha asili: panzi wadogo, mchwa, buibui, tena walio hai, kwa kuwa hushika kinachotembea. Msiwaokote kwenye mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Trans Nzoia mwaka 2017, mashamba hunyunyiziwa dawa, na panzi aliyelishwa sumu ataifikisha. Mtoto asimshikeshike, akimshika, anawe mikono kwa sabuni, na chombo kisikae jikoni, maana mijusi hubeba vijidudu vya salmonela, vinavyowadhuru zaidi watoto wachanga. Akiambua ngozi, mwacheni aiambue mwenyewe. Siku hizo hula kidogo.

Tazameni shina la mkia, ndiyo ghala yake ya mafuta. Likikonda hata mifupa ikaonekana, au macho yakizama, msingoje. Madaktari wa mifugo wa Kitale wamezoea ng'ombe zaidi, lakini Makumbusho ya Kitale hutunza nyoka, mamba na kobe, na watunzaji wake wanafahamu viumbe wa namna hii.

Kuhusu dhambi, mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hakuadhibiwa kwa kumfuga. Alimfungia, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie. Naye Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akimuulizia habari zake. Kufuga hakukukatazwa. Kilicho wajibu ni nafaka ya mnyama, na kwa mjusi mimi naona jua ni sehemu ya nafaka hiyo. Ninyi mlimpa chakula msichokijua, mkauliza. Mnaouliza hamfanani na yule mwanamke.

Lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa mwituni bila kibali cha KWS. Basi akishapata nguvu, arudishwe alikotolewa, ukuta ule ule wa Mombasa, si kuachiwa shambani Kitale. Likizo ya shule itatosha, na mtoto ndiye amfungulie. Safari ni ya zaidi ya kilomita 800, na mabasi mengi hupita usiku kwenye baridi ya nyanda za juu. Asilishwe siku mbili kabla ya kuondoka, na kisanduku kifungwe kwa kitambaa cha pamba, matundu yakiachwa wazi.