KINGA YA MSUMENO ISIFUNGWE WAYA



Sisi tunaokata mbao za mikaratusi hapa Nkungu, Wilaya ya Rusizi, huambiwa kwamba kinga ya chini ya msumeno wa umeme inachelewesha kazi. Ndiyo maana wengine huifunga kwa waya ili ibaki wazi. Tunasema: huo si ufundi. Kinga ile ina springi, ijifunike yenyewe mara meno yanapotoka kwenye ubao. Ubao ukibana diski, msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika; kinga ikiwa imefungwa, meno hukutana na paja.

Basi tushike msumeno kwa mikono miwili. Diski ipite chini ya ubao kidogo tu. Kipande kinachokatwa kiachwe kianguke bila kubana. Plagi ichomolewe kabla ya kubadili diski.

Waajiri nao wasikie. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Bei ya miwani isikatwe kwenye mshahara. Tena, anayelipwa kwa idadi ya mbao hushawishika kufunga kinga. Malipo hayo yatazamwe upya. Tuyadai haya kwa sauti moja, kwani vidole havina spea.