Tuipime Sumu Wenyewe

Nikishuka kutoka Mamboleo hadi ufukweni, mara nyingi huona maji ya Ghuba ya Winam yamegeuka kijani kwa mwani, ambao aina zake nyingine zina sumu. Hukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wetu kwa hofu ya viuatilifu. Mvuvi mwaminifu aliadhibiwa pamoja na mhalifu, kwani hatukuwa na vipimo vya kutosha kumtetea.

Tangu Günter Wulff wa Ujerumani aonyeshe njia mwaka 1972, wanakemia huunda polima kuizunguka molekuli wanayoisaka, kisha huiosha itoke. Hubaki tundu lenye umbo lake, mithili ya unyayo katika udongo uliokauka, la kuinasa molekuli kama ile. Polima hiyo hustahimili joto letu.

Walimu, wafundisheni vijana ufundi huu. Anayengoja vipimo vya mgeni hungoja pia hukumu yake.