Nani anakuhesabu?

NYAYO NA KAFI
Na Zuhura Msabaha

Kila kiangazi kinapokaribia, wasomaji huniuliza mambo yanayofanana. Kayaki ipi imara? Hema lipi halivuji? Wiki hii kijana mmoja wa Dodoma amenitumia orodha ya vitu 46 watakavyobeba yeye na wenzake wawili. Wanataka kupiga kafi kutoka Kigoma hadi Mahale, kisha wapande kilele cha Nkungwe. Nimeisoma yote, hadi sindano ya kushonea hema. Wamejiandaa vizuri, ila sikuona popote jina la mtu atakayejua kwamba wamechelewa.

Nalisema hili kwa uzito wote: safari ya nyikani haijapangwa mpaka pawe na mtu mmoja, mwenye jina, anayeijua njia yako, siku yako ya kurudi na saa ya kuanza kukutafuta. Mengine yote yanafuata baadaye.

Tuichukue safari ya vijana hawa. Kutoka Kigoma hadi Mahale kuna takriban kilometa 120 za maji. Kayaki iliyojaa mzigo huenda kilometa nne au tano kwa saa, na kilometa 25 kwa siku ni kazi ya kutosha kwa mabega. Kwa hesabu hiyo, wamepanga siku tano. Lakini Juni hadi Agosti, miezi ya ukavu ambayo kila mtu huipenda, ndiyo miezi ya upepo wa kusi, na wao wanaelekea kusini. Upepo utawapiga usoni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 670, hivyo wimbi huwa limeshatoka mbali na kupata nguvu kabla ya kukufikia. Njiani kuna mdomo wa mto Malagarasi, wenye mamba na viboko, ambako si mahali pa kupiga kambi wala pa kupita jioni mkiwa mmechoka. Waongeze siku mbili za kukaa ufukweni kungoja ziwa litulie.

Kisha mlima. Nkungwe una mita 2,462, na wengi huutengea siku mbili hadi tatu kupanda na kushuka, wakiongozana na askari wa hifadhi. Ndani ya hifadhi ya Mahale hakuna barabara. Utatembea kwa miguu na utatoka kwa maji. Ukijumlisha yote, zile siku tano zimekuwa kumi kabla ya kufikiria kurudi. Chakula, dawa ya malaria, vidonge vya kusafishia maji na chaji ya simu vyote vifuate hesabu hiyo ya pili.

Mimi na rafiki yangu tulipita njia hiyo miaka kadhaa iliyopita kwa hesabu ya kwanza. Siku ya nne upepo ukatufunga katika kijiji kimoja cha wavuvi, mbele ya Sigunga. Mtandao haukuwepo. Tulilala pale siku mbili tukiwa salama, tukila ugali na migebuka, huku tukijiambia kwamba nyumbani wanajua tuko safarini. Mama mwenye nyumba tuliyolala aliamka kabla ya alfajiri kila siku, akajifunga khanga ya pili mabegani, akashuka mwaloni. Siku ya pili nikamfuata. Alisimama kwenye mchanga akitazama taa za wavuvi wa dagaa zikirudi, akizihesabu kwa kidole, moja moja. Mbili hazikuwa zimeonekana. Hakuondoka. Injini ya kwanza iliposikika kwa mbali akasema, "Hiyo ni ya Baba Shukuru," kabla mimi sijaona chochote. Ya pili ilipofika ndipo alipogeuka kwenda kuwasha moto. Tukipanda, akaniuliza, "Wewe mwanangu, nani anakuhesabu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba tutarudi "wiki ijayo", basi. Tulipopata mtandao nikakuta hajalala usiku mbili. Dada yangu alikuwa amewapigia watu wa mialo mitatu, na hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua tulikuwa tumepanga kulala wapi. Kama tungekuwa tumepinduka, wangeanza kututafuta wakiwa na zaidi ya kilometa mia moja za ufukwe mbele yao.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa ziwa halijui. Ukipata shida majini, atakayekuona kwanza ni mvuvi, na mvuvi ana kalenda yake. Wavuvi wa dagaa huingia usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo upepo uko palepale, lakini taa za kukusaidia hazipo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe, nenda mwaloni ukaulize: mwezi huu nani atakuwa majini?

Wengine wataniambia siku hizi kuna vifaa vya setilaiti. Nunua kama una uwezo, vinaokoa maisha. Lakini ujumbe wa setilaiti nao unamfikia mtu, na mtu huyo lazima ajue afanye nini akiupata.

Basi andika karatasi moja. Majina yenu na rangi za kayaki zenu. Kila kambi na tarehe yake. Mahali mtakapokimbilia upepo ukizidi. Namba za simu za ofisi ya hifadhi na za mtu mmoja katika kila kijiji mtakachopita. Mwisho, siku na saa: "Msipotusikia hadi hapa, anzeni." Wanaokodisha kayaki na wanaoongoza vikundi vya wapanda milima waidai karatasi hiyo kama wanavyodai jaketi la kuokolea maisha. Asiyekuwa nayo asiingie majini.

Nilimwandikia hivyo yule kijana. Jana jioni amenijibu. Karatasi ataiacha kwa shangazi yake anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Anasema shangazi hajawahi kugusa kafi, ila mashua ya mwalo ule ikichelewa, yeye ndiye anayeanza kuuliza.