Kisu cha kambi si cha kupigia selfi

Unapanga kupiga kambi Naivasha au Aberdare? Basi kile kisu kirefu chenye meno ya msumeno mgongoni, kama cha filamu, wachana nacho. Kitapendeza kwa picha tu.

Kabla hujatoa doo, kagua mambo matatu. Chuma kiingie ndani kabisa ya mpini. Kikiwa kifupi, utapasua kuni mara mbili ubaki na mpini mkononi. Urefu wa sentimita 10 unatosha kuchonga vigingi vya hema na kukata nyanya. Ala nayo ikishike kisu imara hata begi likipinduka.

Visu vingi vya Mora kutoka Uswidi vina mpini wa plastiki tu, na bado watu wa msituni huviamini. Fundi wa jua kali pale Gikomba anaweza kukufulia chako kwa springi kuukuu ya gari. Chuma hicho hushika kutu, kwa hivyo kipanguse na ukipake mafuta.

Chenji ikibaki, nunua jiwe la kunolea. Kisu butu hukulazimisha kukandamiza, kikateleza, ukajikata mbali na hospitali.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema kisu ghali.