Makosa ya Mwalimu nayo yafundishwe

Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili liingie shuleni, watu ninaowaheshimu wanasema mtoto apewe ushujaa wa viongozi, makosa yao atayakuta ukubwani. Hofu yao si ya kipuuzi: kosa likitajwa bila sababu yake, mtoto hujifunza kubeza tu. Hata hivyo hoja hiyo haisimami, na ushahidi tunao hapa Mzumbe.

Kwanza, ukificha kosa, historia haieleweki. Shule iliyoanza hapa mwaka 1953 ilikuwa ya kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikakua kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM), ambacho leo ni Chuo Kikuu Mzumbe. Mwaka huohuo, serikali ya Mwalimu Nyerere ilizifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Mwanafunzi makini lazima aulize: ilikuwaje?

Pili, na hapa ndipo penye utamu, kosa lile la kuzifuta halmashauri lilikuwa na mantiki yake. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 1969, halmashauri za vijijini zilibaki hoi, ilhali shule za msingi na zahanati zilizitegemea. Mtu mwenye nia njema angeweza kuamua vilevile. Lakini madaraka yaliyopelekwa mikoani yaliangukia mikononi mwa maofisa walioteuliwa kutoka juu. Mfereji wa sokoni ukiziba, mwananchi hakuwa na diwani wa kumbana. Huduma za mijini zilizorota hadi halmashauri za miji, ambazo nazo zilikuwa zimefutwa, zikarudishwa mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria ya 1982, zikaanza kazi 1984.

Tatu, Mwalimu mwenyewe hakuficha. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, aliliambia jarida moja la nje kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Sasa sisi tunamlinda dhidi ya nani? Na kama somo ni la maadili, kiongozi anayekiri kosa angali madarakani si maadili hayo?

Makosa ya mkoloni, mbona tunayasimulia bila kigugumizi? Matuta ya kulazimishwa Uluguru, yaliyozaa ghasia za Matombo mwaka 1955, hayamtii mtu haya.

Nakubali umri uzingatiwe. Darasa la tatu bado mapema. Ila wa kidato cha pili apewe halmashauri ya wakati ule, isiyo na kodi na yenye walimu wa kulipwa, aulizwe angefanya nini.