COBH: MJI WA MATANGA YA WALIO HAI

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa Dublin, nimelowa chapachapa. Kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimeshazamia hukohuko. Hapana jamani, tiketi ya kurudi ninayo mfukoni na bimkubwa ananisubiri. Ila leo nawapeleka pwani, kwenye kamji kamoja ka Ayalandi ambako kila kona niliyopinda nilikutana na habari za watu walioondoka.

Kamji kenyewe kanaitwa Cobh. Usihangaike na herufi. Linatamkwa "Kov", basi. Sasa Mswahili gani anaweza kumaliza neno na "v" ikaning'inia hewani? Mimi nikawa naita Kovu, na mpaka naondoka nikaona sikukosea sana.

Zamani paliitwa Cove, yaani ghuba kwa Kiingereza. Mwaka 1849 Malkia Victoria wa Uingereza akaja kutembea, wakubwa wakajipendekeza wakapabadilisha jina kuwa Queenstown. Mwaka 1920, vita vya kumtimua Mwingereza vimepamba moto, wenyeji wakarudisha jina lao la zamani, ila wakaliandika Kiayalandi ili kumkomesha mtu. Mwenyeji mmoja aliniambia kwa Kiayalandi neno hilo halina maana yoyote, ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Kufika ni rahisi. Unapanda treni mjini Cork, dakika 25 hivi umeshafika. Njiani kuna stesheni ya Fota, na jirani yake kuna bustani ya wanyama yenye twiga na duma. We fikiria, mtu umetoka Bongo, umekaa kwenye ndege masaa kibao, halafu unaambiwa shuka hapa uone twiga! Nikamwonea huruma twiga wa watu na mvua ile.

Maana hali ya hewa, wewe acha tu. Ilikuwa Julai, kiangazi chao kile wanachokisubiri mwaka mzima, na mimi nilivaa sweta mbili. Kando ya bahari watoto wanalamba aiskrimu huku wanatetemeka, mama zao wanasema leo Mungu katujalia siku nzuri. Coco Beach usiitegemee hapa. Ni bandari, ina ukuta wa mawe, benchi za kukalia na nyumba za rangi kama pipi zilizopandiana kilimani. Kuna mstari mmoja wa nyumba wanauita Karata, kwa jinsi zilivyoegemeana kwenye mteremko. Utani wa wenyeji ni kwamba ya chini kabisa ikianguka, zote zinaifuata.

Juu ya yote limekaa kanisa kuu la Mtakatifu Colman. Lilianza kujengwa 1868, likaisha karne mpya imeshaingia, na mnara wake unapita mita 90. Lina kengele 49, zinapigwa kama kinanda. Hela ya kulijenga nyingine ilitoka Marekani na Australia, kwa watoto wa hapahapa waliokwenda kubeba boksi za enzi hizo. Kwa hiyo mambo ya kutuma mshiko nyumbani hayakuanza na sisi.

Nilifikia nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, mwenye maneno kama cherehani. Asubuhi ya kwanza akaniletea sahani imejaa soseji. Nikamwambia, mama, nguruwe mimi situmii. Hakununa. Akarudi na samaki, mkate wao mweusi wa magadi na chai ya maziwa nzito, rangi ya matofali. Nikaisifia kwamba inafanana na ya nyumbani. Akanyanyuka akaleta boksi: Barry's, kampuni ya hapohapo Cork tangu 1901, na majani yake mengi ni ya Kenya na Rwanda. "Sasa ulidhani tunalima chai kwenye mvua hii?" akaniuliza. Tangu hapo tukawa marafiki.

Akanituma mjini nikaone mambo ya Titanic. Nanyi mnaijua Titanic, ile filamu ya 1997 iliyowaliza akina dada na baadhi yenu mliojifanya mmeingiwa na vumbi machoni. Hapa Cobh ndipo iliposimama mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Ilikuwa kubwa mno, ikatia nanga kwenye mdomo wa bandari, na abiria wakapelekwa kwa viboti viwili. Walipanda 123, na 113 kati yao walikuwa wa daraja la tatu, watoto wa walalahoi wenye masanduku yaliyofungwa kamba. Wengi walilipa pauni 7 na shilingi 15. Ofisi iliyokata tiketi zile bado ipo, sasa ni makumbusho. Ukiingia unapewa kadi yenye jina la abiria wa kweli, na mwishoni unaangalia kama yako alipona. Wangu hakupona. Nyuma ya jengo kuna mbao za gati la zamani zimesimama majini, zimeoza, kunguru wa baharini wamezikalia. Hapo ndipo watu walipokanyaga nchi yao mara ya mwisho.

Lakini kilichonichekesha, na baadaye kikanikosesha usingizi, ni kisa cha mchochea makaa mmoja aitwaye John Coffey, mzaliwa wa Cobh. Jamaa alipanda Titanic Southampton kama mfanyakazi. Walipofika hapa akajificha kati ya magunia ya barua yaliyokuwa yanashushwa, akateremka nayo nchi kavu, akaishia zake mitaani. Siku nne baadaye meli ikazama, wakafa watu zaidi ya 1,500. Yaani mzamiaji kinyumenyume. Wenzake wanajificha ili waondoke, yeye kajificha ili arudi kwao.

Niseme kwa nini kilinikosesha usingizi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba braza wangu mkubwa alizamia meli pale bandarini Dar mwaka 1994. Aliondoka na kiroba cha karanga na dumu la maji, akamwaga bimkubwa kwamba anakwenda Kariakoo. Mwaka 1995 ikaja barua kutoka Durban, kurasa mbili, anasema Unyamwezini ni karibu sasa hivi. Mwaka 1997 akapiga simu dukani kwa jirani, bimkubwa akakimbia na khanga moja, alipofika simu imekatika. Basi. Hadi leo kimya. Kila mwaka wajomba wanakuja na neno lao, tumsomee hitma mtoto apumzike. Kila mwaka bimkubwa anawatengea chakula, wakishiba anawaambia, "Maiti mnayo? Leteni maiti nisome." Na mimi wakati ule nilikuwa nimeshafunga kiroba changu, nilishindwa tu kupenya getini. Hilo bimkubwa halijui mpaka leo, labda alisome hapa.

Jioni nikamsimulia mjane habari hii. Hakusema pole. Aliniuliza kama nyumbani tulimfanyia karamu kabla hajaondoka. Nikamwambia aliaga kwenda Kariakoo. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi ndiyo maana mama yako hajui aanzie wapi."

Ndipo akanieleza mila yao ya zamani. Kwanza ilikuja njaa ya mwaka 1845, viazi vikaoza mashambani kwa ugonjwa, watu zaidi ya milioni moja wakafa huku nafaka na mifugo vikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Waliobaki wakaanza kukimbia. Kati ya 1848 na 1950 Waayalandi wapatao milioni 6 walihama, na milioni 2.5 kati yao walipitia bandari hii moja. Kamji chenyewe leo kana watu 14,000 hivi!

Sasa kijana akipata tiketi, usiku wa kuamkia safari jirani wote wanakusanyika kwao. Wanakula, wanakunywa, fidla zinalia, watu wanacheza mpaka alfajiri. Kukipambazuka wazee wa kike wanaanza kumlilia, kilio kilekile cha msibani, na yeye mwenyewe yupo pale, kavaa koti jipya, anasikiliza anavyoombolezwa. Waliuita usiku huo matanga ya Marekani. Meli ilikuwa wiki nzima au zaidi, nauli ya kurudi hakuna, simu hakuna. Kila mtu alijua hawaonani tena. Kwa hiyo wanamzika kabisa angali mzima, halafu wanamsindikiza stesheni.

Nilinyamaza. Mimi nilidhani sisi ndio tunaojua kulia.

Kesho yake nikapita tena pale kando ya bahari penye sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Huyu binti aliondoka hapa Desemba 20, 1891, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mtu wa kwanza kabisa kupokewa kwenye kituo kipya cha wahamiaji, Ellis Island, New York. Wakampa sarafu ya dhahabu ya dola 10, magazeti yakaandika. Wamarekani kwa miaka mingi waliamini alikwenda Texas akawa na maisha ya kusimuliwa. Mwaka 2006 ikagundulika walikuwa wanamfuata Annie Moore mwingine! Huyu wa kweli hakutoka New York. Aliishi mitaa ya makabwela, akazika watoto kadhaa wakiwa wadogo, akafa 1924, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka 2008. Sanamu ya Cobh inamwonyesha amegeuza uso, anaangalia alikotoka.

Kule makaburini juu sikukaa sana. Kuna makaburi ya pamoja ya abiria wa Lusitania, meli iliyopigwa kombora na nyambizi ya Wajerumani Mei 7, 1915, ikazama kwa dakika 18 na watu karibu 1,200. Maiti zililetwa hapa, nyingi hazikutambuliwa. Nilikumbuka Igoma, Mwanza, na MV Bukoba ya 1996, nikateremka mlima.

Kabla sijasahau, kwa wapenda michezo: yule mwanadada Sonia O'Sullivan ni wa hapahapa. Bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1995, medali ya fedha Olimpiki ya Sydney 2000, na mwaka 1998 pale Marrakech alishinda mbio za nyika zote mbili, fupi na ndefu, Waethiopia na Wakenya wakiwemo. Ana sanamu yake pia. Baada ya kupanda vile vilima siku tatu, sishangai tena alipata wapi pumzi.

Usiku wa mwisho nikampigia bimkubwa kwa WhatsApp, nikamhadithia yote, ya John Coffey na ya matanga ya Marekani. Alisikiliza kimya, kitu ambacho si kawaida yake. Kisha akasema, "Muulize huyo mama. Hao waliokwisha kuliliwa, kuna hata mmoja aliyerudi?"

Nikashuka jikoni, nikamkuta mjane anakausha vikombe. Akafikiri kidogo. Akasema wapo, si wengi. Shangazi wa mama yake aliondoka binti mbichi, kaliliwa usiku kucha, kilio cha haja. Baada ya miaka zaidi ya thelathini akatokea mlangoni bila hata barua, kavaa kofia ya manyoya, anaongea puani. Cha kwanza alichosema ni kwamba chai ya nyumbani imekuwa nyepesi.

Nikarudi kwenye simu nikamweleza. Bimkubwa akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikasikia anavuta kiti.

"Na kile kilio walichokwisha kumlilia, walikifanyaje?"

Nikamwambia sikuuliza hilo.

"Haya. Msalimie sana," akasema. "Na wajomba zako wanakuja Ijumaa. Nitawapa hadithi ya huyo shangazi kabla hawajala."